Fedha za Pupil Premium Plus anazishika nani?

Dada, umeuliza kwa nini fedha za nyongeza za masomo ya mtoto unayemlea hazijaingia kwenye akaunti yako. Hapa England haziji kwa mlezi. Mwaka wa fedha 2024–25 zilikuwa pauni 2,570 kwa kila mtoto aliye chini ya uangalizi wa halmashauri, awe anaishi na familia au kwenye makao, na anayezishika ni ofisa wa halmashauri anayesimamia elimu ya watoto hao. Yeye ndiye anayeamua shule ipewe kiasi gani, kwa hiyo shule ikisema haijapata zote, huenda ni kweli.

Nguvu yako iko kwenye kikao cha mpango wa elimu wa mtoto, kila muhula. Nenda na jambo mahususi. Kijana niliyemlea alikuwa amehamishwa shule mara mbili, hesabu za sehemu zikampita kabisa. Nilifungua daftari lake mezani, nikaomba mwalimu wa kumfundisha peke yake, ikaandikwa palepale. Ningesema tu “asaidiwe hesabu”, tungetoka mikono mitupu. Ila muulize mtoto kwanza: wangu alitaka afundishwe asubuhi, asitolewe darasani wenzake wakimwangalia.