Mahindi ya Newala na jua la Februari: ipo mbegu inayovumilia?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nalima mahindi na mtama Kitangari, Newala. Msimu uliopita mahindi yalistawi vizuri mpaka mwisho wa Januari, mvua ikakata wiki mbili na kitu, kisha ikarudi. Majani hayakukauka, lakini kwenye kuvuna nikakuta magunzi yana punje za kuhesabu, mengine matupu. Mtama wa pembeni ulikunja majani nikadhani umekufa, mvua iliporudi ukaendelea na nikavuna. Nasikia watafiti wana mahindi yanayostahimili ukame. Ni kweli? Niyasubiri, au niachane na mahindi?

JIBU: Pole sana kwa msimu huo, ndugu yangu. Najua uchungu wa kumenya gunzi refu, zito mkononi, ukalikuta jeupe ndani. Mbegu hizo zipo, na nitakueleza zilivyopatikana. Ila naomba kwanza tuelewane shamba lako lilikufa lini, maana majani yaliyobaki kijani yamekudanganya.

Kila uzi wa ndevu za hindi umeshikana na punje moja tu. Chavua, ule unga wa ua dume, ikidondoka kutoka kwenye mbelewele, lile ua la juu kabisa ya mmea, ikatua juu ya uzi huo, punje yake inatunga. Uzi usiopata chavua, punje yake haipo. Maji yakiwa ya kutosha, ndevu hutokeza siku moja hadi tatu baada ya mbelewele kuanza kumwaga chavua, na mambo yanakwenda. Maji yakipungua, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo huyafunga matundu madogo ya majani ili mvuke usitoke. Unaokoa maji, lakini kwa matundu hayohayo mmea hupokea hewa ukaa ya kutengenezea sukari. Chakula kinakuwa kidogo, na gunzi changa ndilo linalonyimwa mwanzo. Mbelewele inaendelea kumwaga chavua kwa ratiba yake, ndevu zinachelewa wiki nzima au zaidi. Zinapotokeza, chavua imekwisha. Ndevu za ncha ya gunzi ndizo za mwisho kutoka, kwa hiyo ncha huathirika zaidi.

Unaweza kuliona hili mwenyewe, hata kabla ya kuvuna. Siku kama kumi baada ya ndevu kutoka, chuma hindi moja, likate maganda kwa kisu taratibu bila kuzigusa ndevu, uyafungue, kisha ligeuze ncha iangalie chini na ulitikise. Ndevu zilizopata chavua zinaachia na kuanguka. Zilizokosa zinabaki zimeng'ang'ania. Fanya kwa mahindi kumi ya sehemu mbalimbali za shamba, utajua mapema kama kuna mavuno au hakuna.

Sasa watafiti. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, chenye makao Mexico, kilianza kazi hii miaka ya 1970. Walipanda mahindi wakati wa kiangazi, wakamwagilia, kisha wakayakatia maji makusudi yalipokaribia kuchanua. Mimea iliyotoa ndevu bila kuchelewa sana nyuma ya mbelewele ndiyo waliyoitunza kwa mbegu, wakarudia hivyo kizazi baada ya kizazi. Ni uchaguzi wa mbegu tu, aina ile waliyoifanya bibi zetu walipotundika mahindi bora juu ya moto, isipokuwa hapa mwenye kuchagua ni jua lenyewe. Kuanzia 2007 mradi mkubwa ulizisambaza mbegu za namna hiyo katika nchi 13 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kwa hiyo huna haja ya kusubiri. Uliza duka la pembejeo au afisa ugani wako mbegu iliyotajwa kuvumilia ukame na inayofaa ukanda wetu, na hakikisha mfuko una lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Yale uliyosikia huenda ni mengine: mahindi yaliyowekewa jeni ya bakteria wa udongoni, yaliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016. Serikali ilisimamisha majaribio hayo mwaka 2018. Akitokea mtu anakuuzia mbegu akidai ndiyo hiyo, usinunue.

Lakini hata mbegu nzuri ya kuvumilia si mbegu isiyohitaji maji. Inachofanya ni kupunguza hasara. Na hapa ndipo ninapotaka utulie nami kidogo. Mvua zetu za Mtwara na Lindi ni za msimu mmoja, na kila mkulima wa huku anajua kuna kipindi cha jua katikati, mwisho wa Januari au Februari. Wengi wanaambiwa wachukue mbegu ya muda mfupi ili wakwepe ukame. Hesabu: ukipanda tarehe 10 Desemba mbegu inayochanua kwa siku 55, itachanua tarehe 3 Februari. Umeipeleka palepale kwenye jua. Ya siku 70 ingechanua tarehe 18, pengine mvua imesharudi. Muuza mbegu atakutajia siku za kukomaa. Mwulize na siku za kuchanua, maana ndizo zinazoamua. Kwa kuwa jua halina tarehe maalumu, usitie shamba lote kapu moja: panda nusu, subiri wiki mbili, panda nusu nyingine, au changanya mbegu mbili zenye siku tofauti za kuchanua.

Mtama wako ulipokunja majani haukuwa unakufa. Ulikuwa umepunguza sehemu inayopigwa na jua, huku nta ya majani ikizuia maji kutoka. Mtama ukikosa maji kabla ya kuchanua unaweza kusimamisha ukuaji, ukangoja, kisha ukaendelea. Hindi likishaanza kuchanua halingoji. Muhogo nao hufunga matundu mapema na kudondosha majani, ndiyo maana unapita kiangazi kizima.

Kwa hiyo usiache mahindi, ila yape sehemu yenye udongo mzito kidogo, na mchanga mtupu, ambao uwanda wa Makonde umejaa, uachie mtama na muhogo. Mabua usichome, yatandaze katikati ya mistari. Mchanga haushiki maji, na matandazo yanaweza kukuongezea siku chache za unyevu, ambazo wakati wa ndevu ni nyingi.

Kama utapata safari ya mjini, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko nje kidogo ya Mtwara. Nenda na magunzi matatu manne ya msimu huu pamoja na tarehe uliyopanda, ukawaoneshe.