Mwali wa nyuma ya tenki

Kosa langu lilikuwa kuinama. Kila asubuhi nilichukua bakuli la chakula, nikazunguka nyuma ya tenki la maji, nikainama na kumwita kwa sauti ya kubembeleza, na kila asubuhi yule mbwa alijibana ukutani mpaka akajikojolea. Nilidhani ananichukia. Aliyenifumbua macho, karibu wiki mbili baadaye, ni kijana anayetuletea maji. "Dada, huyu si wa mtaani? Mtu akiinama anaokota jiwe."

Jaribu mwenyewe. Nenda popote Dar penye mbwa koko, iwe Buguruni sokoni au ufukweni Kigamboni, uiname kama mtu aliyeona shilingi chini. Hata usipookota kitu, wote watatimua. Tumewafundisha wenyewe tangu tukiwa watoto: ukikutana na mbwa, inama, atakimbia. Mbwa wangu alilijua somo hilo barabara, mimi mwalimu ndiye niliyelisahau.

Tangu nilipoweka picha yake WhatsApp, watu kadhaa wameniuliza namna ya kuchukua mbwa aliyeokolewa mtaani, hasa yule mwoga anayejikunja pembeni wakati wenzake wanakurukia. Nitaeleza ya kwangu. Mimi si daktari wa mifugo, ni mama wa nyumba ya kawaida Segerea, yenye uwanja mdogo, ukuta, mtoto mmoja wa miaka saba na mume asiyependa mbwa.

Jiulize kwanza unamtakia nini. Hapa mjini wengi wetu tunafuga mbwa kwa ulinzi. Baba watoto alipomwona wa kwetu akishushwa kwenye kirikuu, ndani ya tenga la kuku, akitetemeka, alisema neno moja tu: "Mwizi akija, huyu ndiye atakayeonyesha pa kujificha." Alikuwa na haki. Ukitaka mlinzi, usichukue mbwa mwoga, na usimsikilize anayekwambia umfungie bandani gizani mchana kutwa ili awe mkali. Utapata mbwa anayeuma kwa hofu, na mbwa wa namna hiyo hachagui mwizi. Anamuuma aliye karibu, na aliye karibu aghalabu ni mtoto wako.

Halafu kuna umri. Mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani akiwa bado mtoto, takriban kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne tangu azaliwe. Ambaye wiki hizo zilimpita jalalani, bila mkono wa mtu ila wenye jiwe, bado anaweza kujifunza, lakini polepole mno. Wa kwangu alikadiriwa kwa meno kuwa na mwaka na nusu. Mama wa Kigamboni aliyekuwa akimtunza hakunificha. Aliniambia: "Huyu anaweza asije kukupenda unavyotaka wewe. Utamchukua?" Anayekuachia mbwa bila kukuuliza maswali ya namna hiyo, mtilie shaka.

Sisi ni Waislamu, kwa hiyo suala jingine lilikuwa najisi, nami sitaliruka kwa sababu najua ndilo linalowakwamisha wengi. Kwetu pwani, tunaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilikwenda kumuuliza maalimu wa mtaani kabla sijamleta. Mbwa analala barazani nyuma, haingii ndani. Bakuli lake halichanganywi na vyombo vyetu. Nina dera moja la kijani kwa kazi yake tu, nikimaliza nalivua, naoga, ndipo nasali. Dera hilo baadaye liliniokoa, nitasimulia. Bibi jirani, Mzaramo wa Kisarawe, ndiye aliyewanyamazisha waliokuwa wakinong'ona kibarazani. Aliwakumbusha hadithi ya Mtume kuhusu yule mtu aliyeteremka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe.

Ni bibi huyo huyo aliyempa jina. Siku za kwanza mbwa hakutoka nyuma ya tenki ila usiku wa manane. Bibi alichungulia juu ya ukuta, akacheka. "Mwanangu, umeweka mwali ndani. Muache, ana siku yake ya kutolewa." Basi akawa Mwali.

Siku za mwanzo usifanye kitu. Hiyo ndiyo kazi, na ni ngumu kuliko inavyosikika. Mimi nilifanya kila kitu: nilimwogesha siku ile ile, nikaita majirani waje kumwona, nikamfunga kamba "azoee". Siku mbili hakugusa chakula. Ningejua, ningemwekea pembe yake yenye kivuli, gunia la kulalia, maji, chakula saa zile zile kila siku, nikamwacha. Waokoaji wa mbwa husema siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Kwa Mwali zidisha mara mbili. Kalenda haikumsaidia yeye, ilinisumbua mimi tu.

Sasa kuhusu kutoroka, na hapa soma taratibu. Siku ya sita, bodaboda aliyeleta gesi aliacha geti wazi. Mwali akapita kama mshale. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya, yaani nikatoka mbio na kanga kichwani nikiita "Mwali! Mwali!", nyuma yangu watoto wa mtaa mzima, wengine na fimbo. Kadiri tulivyokimbia ndivyo alivyozidi kutokomea, mpaka akavuka reli. Nilimpigia simu mama wa Kigamboni nikilia. Akaniambia: rudini nyumbani wote, mbwa mwenye hofu akishatoroka hata mwenyewe hamtambui, anaona watu wanaomkimbiza basi.

Niliwaahidi watoto buku, lakini si kwa atakayemkamata. Buku ni kwa atakayeniambia amemwona wapi, bila kumsogelea. Ikaja taarifa: kwenye pagala, karibu na reli. Nikaenda jioni peke yangu, nikaacha dagaa wa kuchemsha, nikaondoka bila kumwita. Usiku nikaweka geti wazi kidogo, nikatandika lile dera la kijani, halijafuliwa, hapo getini, na bakuli lake juu. Baba watoto, yule asiyependa mbwa, ndiye aliyekesha barazani na taa imezimwa. Usiku wa kwanza patupu. Usiku wa pili, saa tisa, tukasikia bakuli likigonga sakafu. Alisubiri mpaka Mwali amepita na kuelekea nyuma ya tenki, akavuta geti kwa kamba aliyoifunga mapema. Hakusema neno. Asubuhi alitoka kununua komeo la pili.

Kwa hiyo komeo la pili linunue kabla mbwa hajafika. Mvalishe mkanda wa kifuani pamoja na ule wa shingoni, maana mbwa mwoga akirudi nyuma kwa nguvu kichwa kinachomoka. Fundi wa funguo alinichongea namba ya simu kwenye kibati kidogo, kazi ya dakika tano.

Baada ya maneno ya kijana wa maji nilibadilisha mtindo. Kila baada ya magharibi nilikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, nikampa Mwali mgongo, nikachambua mchele au maharage. Sikumwita wala sikumtazama. Kila mara nilirusha nyuma kipande cha ini lililochemshwa bila chumvi, kidogo kama punje ya hindi. Uwanja wetu una matofali ya pevingi, nikawa nahesabu: siku ya kwanza alikaa tofali la kumi na tisa kutoka kwenye kigoda. Wiki moja baadaye, la kumi na nne. Mwezi ulipoisha, la nne. Siku aliyotoka mwenyewe mchana kweupe kunifuata kwa mara ya kwanza, bibi alikuwa ukutani, na furaha ikamshinda, akapiga kigelegele. Mwali akarudi nyuma ya tenki siku tatu nyingine.

Kaa upande, mpe ubavu badala ya uso. Akifika karibu, acha mkono chini autafute mwenyewe, na ukimgusa anzia kifuani au shingoni pembeni. Mkono unaotoka juu kushuka kichwani unafanana mno na ule unaopiga. Jifunze pia kusoma anachosema. Mbwa anayepiga mwayo ilhali hana usingizi, anayelamba midomo bila chakula, anayegeuza kichwa huku jicho likionyesha weupe, anakwambia "basi, imetosha". Akinguruma, mshukuru na urudi nyuma. Anayechapwa kwa kunguruma haachi kuogopa, anaacha kutoa taarifa, na siku moja atauma kimya kimya. Binti yangu tulimfundisha kuwa mti: mikono kifuani, macho kwenye vidole vya miguu, hakuna kukimbia.

Chakula si fumbo. Ugali wa dona na dagaa au utumbo uliochemka vizuri, bila chumvi wala vitunguu, kwa sababu vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Daktari mwite nyumbani. Wapo wanaokuja na bodaboda na kibegi chao, na kwa mbwa mwoga hilo linakuepusha na safari ya bajaji inayoweza kufuta kazi ya wiki tatu. Aangalie minyoo, kupe na fizi. Fizi zikiwa nyeupe, yawezekana kupe wameshamwachia ugonjwa wa damu. Mwali alikuwa na ukurutu mgongoni, na watu wasiopungua wanne walinishauri nimpake oili chafu ya gari. Usithubutu. Ni sumu, inapita kwenye ngozi, na nyingine ataimeza akijilamba. Dawa ya ukurutu ipo. Jike mfunge kizazi mapema, la sivyo madume ya mtaa mzima yatahamia ukutani kwako, na mbwa mwoga akiwa kwenye joto la kutaka dume hakuna komeo litakalomzuia.

Chanjo ya kichaa haina mjadala, kila mwaka, na kadi itunze kama hati ya kiwanja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na katika baadhi ya maeneo chanjo hutolewa bure msimu huo, kwa hiyo ulizia serikali ya mtaa. Mtu akiumwa, hata na mbwa wako mwenyewe, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Mwali alishamkwaruza kwa jino mtoto wa jirani aliyeingiza mkono nyuma ya tenki. Tulimwosha mtoto, mimi mwenyewe nikampeleka hospitali, na ile kadi ndiyo iliyotuokoa tusiishie kugombana mbele ya mjumbe.

Limebaki suala la kelele, na Dar hiyo hutaikwepa. Radi za masika, fataki za mwaka mpya, na kigodoro kinachofungwa mtaa wa tatu mpaka alfajiri. Siku za hivyo namlaza stoo, naweka gunia dirishani, nawasha feni na redio kwa sauti ndogo. Akija kujibana miguuni kwangu simfukuzi. Wapo wanaodai ukimliwaza mbwa unamzidishia woga. Mimi sijaona woga ukizidi kwa sababu ya mguu wa mtu.

Huu ni mwezi wa saba tangu aje kwetu. Mwali anakuja akiitwa, ikiwa anajisikia. Hakuwahi kumbwekea mwizi, ila humbwekea baba watoto kila jioni anapofungua geti, na baba watoto hujibu, "Na wewe pia." Kinachobaki kumrudisha nyuma ya tenki ni fagio. Nikishika fagio la chelewa na kuukunja mgongo nifagie uwanja, anapotea. Nimenunua la mpini mrefu. Mama mkwe anasema uwanja haufagiliki hivyo, na ni kweli, haufagiliki.