Rezista inasimama upande mmoja, miguu ya aisii inashikana: kosa liko wapi?

Swali: Nalehemu kwa mkono rezista na kapasita za saizi 0603 (takriban milimita 1.6 kwa 0.8), pamoja na aisii (chipu yenye miguu mingi) ambayo miguu yake imepangwa kila milimita 0.5. Rezista hushika upande mmoja na kuinuka upande wa pili. Miguu ya aisii nayo hushikana kila nikijaribu. Nimeweka kwenye pasi ya kulehemu ncha nyembamba kama sindano na kupandisha joto hadi nyuzi 420, lakini hali imezidi kuwa mbaya. Nifanyeje?

Jibu: Anza kwa kuitoa hiyo sindano. Wengi hudhani kifaa kidogo kinataka ncha ndogo, kumbe ncha ya sindano hugusa pedi (kile kipande cha shaba cha kulehemia kwenye bodi) kwa nukta moja tu, na chuma chake ni kidogo mno kutunza joto. Ikigusa shaba hupoa papo hapo, solda haiyeyuki vizuri, nawe unapandisha joto. Kwa nyuzi 420 flaksi (dawa ya kusafisha chuma ili solda ishike) huungua kabla haijasafisha chochote, ncha huwa nyeusi na kukataa solda, na pedi huanza kubanduka kwenye bodi. Weka ncha ya patasi yenye upana wa milimita 1.5 hadi 2.4. Kwa solda ya bati na risasi ya 63/37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, iache pasi kwenye 320 hadi 350. Solda isiyo na risasi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217, kwa hiyo ongeza nyuzi 20 au 30 hivi. Waya wa solda uwe wa milimita 0.5 au chini yake. Ule wa milimita 1 hukumwagia donge kabla hujawahi kuuondoa.

Flaksi iliyo ndani ya waya haitoshi kwa kazi hii. Tafuta flaksi ya jeli iliyotengenezwa kwa elektroniki. Ile ya mafundi bomba usiiguse kabisa: ina asidi, nayo huendelea kula shaba hata baada ya wewe kuondoka mezani.

Sasa rezista yako. Bila shaka unatia solda kwenye pedi zote mbili kwanza, kisha unaweka kifaa juu yake. Upande mmoja ukiyeyuka, kifaa kinazama upande huo huku upande wa pili ukiwa umekalia kilima cha solda iliyoganda, na mvuto wa solda ya majimaji humalizia kukisimamisha. Tia solda kidogo kwenye pedi moja tu, na kama mojawapo imeunganishwa na eneo kubwa la shaba la graundi (upande wa sifuri wa umeme), anza na ile nyingine, maana graundi hunyonya joto na itakusumbua kuiyeyusha upya. Paka flaksi. Shika rezista kwa kibano, yeyusha ile solda, kisha iingize kutoka pembeni ikiwa imelala juu ya bodi, usiiteremshe kutoka juu. Ondoa pasi kwanza. Kibano kisubiri sekunde moja au mbili hadi solda igande. Upande wa pili, gusisha ncha kwenye pedi na kwenye kichwa cha rezista kwa pamoja, lisha waya kidogo, toka. Halafu rudi upande wa kwanza na flaksi mpya uuyeyushe tena, kwa sababu kiungo cha kwanza huwa hakijakaa sawa.

Kapasita za seramiki zinataka adabu zaidi. Usiweke ncha juu ya mwili wake, wala usiisukume kwa kibano ili ikae sawa wakati solda imeshaganda. Hupasuka kwa ndani, ufa usionekane hata kwa lenzi, kisha siku nyingine inapiga shoti ikiwa kazini.

Kwenye aisii, muda mwingi uende kwenye kuipanga. Tazama alama ya mguu wa kwanza, shikiza mguu mmoja wa kona, kagua pande zote nne kwa lenzi ya kukuza mara 10, ndipo ushikize kona ya mkabala. Ikiwa imepinda hata nusu ya upana wa mguu, yeyusha urekebishe sasa hivi, kwa kuwa baada ya hapo ni kuing'oa yote. Paka flaksi tele juu ya safu nzima, ncha ibebe solda kidogo tu, kisha iburute polepole kwenye vidole vya miguu bila kukandamiza. Solda hupenda chuma kilicho safi na hukimbia rangi ya kijani iliyo kati ya pedi, hivyo flaksi ikiwepo yenyewe hujigawa.

Miguu miwili mitatu ya mwisho mara nyingi itashikana tu, hilo si kosa lako. Ongeza flaksi, futa ncha kwenye sufi ya shaba, kisha ivute kutoka kwenye miguu kuelekea nje. Solda ikizidi, tumia utambi wa shaba wa kunyonya solda, wa milimita 1.5 au 2, ila usiusugue, na uuinue pamoja na pasi. Ukitangulia kutoa pasi, utambi hugandia na kuondoka na pedi.

Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na brashi, na uifute kabla haijakauka, la sivyo inaacha utando mweupe. Kabla ya kuwasha umeme, pima kwa mita iliyowekwa kwenye mlio wa kutambua shoti, kati ya kila mguu na jirani yake, kisha kati ya laini ya umeme na graundi. Mlio mfupi unaokatika wenyewe ni kapasita inayojichaji. Unaoendelea, angalia kwanza mchoro wa saketi kama miguu hiyo imeunganishwa makusudi, kisha ndiyo uchukue utambi.