Kontena linavimba, nilifute?

SWALI: Shikamoo mama. Naangalia programu ya kupimia dagaa ya ofisi moja pale Mwaloni, Kirumba. Kila gunia likipanda mizani inapiga picha na kuandika kilo. Yote yako ndani ya kontena la Docker (kisanduku kinachoendesha programu ikiwa peke yake), kwenye seva ndogo iliyo chini ya meza. Sasa diski imejaa. `docker ps -s` inaonyesha kontena limefika GB 3.1, na kila siku ya soko linaongezeka. Kuingia ndani nikachungulie nashindwa, imeji yenyewe (kifurushi ambacho kontena limetokana nacho) ni ile iliyokondeshwa, hata `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, haina. Bosi anasema nilifute nianze upya. Nifute?
*Kijana wa Igoma*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiguse kwanza. Mimi nilishafuta hivyo hivyo kwenye duka moja la nyavu, najiona nasafisha, kumbe risiti za wiki tatu zilikuwa zinaandikwa humo humo. Mwenye duka hakunifokea. Aliagiza chai, akakaa kimya. Afadhali angefoka.

Kaa nje ya kontena, hapo hapo kwenye seva, uandike:

`docker diff mizani`

(Nimeliita mizani, weka jina la lako.) Amri hii inalinganisha kontena na imeji lilikotoka, na inajibu hata kontena likiwa limezimwa. Utaona kitu kama hiki:

```
C /app
C /app/picha
A /app/picha/gunia-0418.jpg
A /app/picha/gunia-0419.jpg
D /app/mfano.csv
```

A ni kilichoongezwa, C kilichobadilika, D kilichofutwa. Hiyo C ya `/app` isikushtue. Folda huipata kwa sababu kuna kitu chini yake kimeguswa. Orodha ikiwa ndefu kama foleni ya kivuko cha Kamanga, chuja: `docker diff mizani | grep '^A'`. Kwa ulivyoeleza, nadhani utakutana na picha za magunia tu.

Lakini C za mafaili usizipite haraka. Programu ikigusa mstari mmoja tu wa faili la GB 2 lililokuja na imeji, faili zima linanakiliwa kwanza kwenye tabaka la kontena (sehemu yake ya kuandikia, juu ya imeji), ndipo liandikwe. Na hiyo D haikurudishii nafasi: faili la imeji bado lipo pale chini, limefichwa tu.

Ukubwa `diff` haikwambii, wala kilichomo. Kwa hiyo vitoe nje upime. Diski yako imejaa, basi chomeka flashi kubwa, tuseme iko `/mnt/flashi`:

`docker cp mizani:/app/picha /mnt/flashi/`

Kisha `du -sh /mnt/flashi/picha`. Kama inakaribia ile GB 3.1, mwizi umemshika. Kilo nazo zinaandikwa wapi? Hukusema. Zitafute kwenye orodha hiyo hiyo uzitoe pia, maana wachuuzi watadai kilo, si picha.

Kontena jipya liwashe na `-v /data/picha:/app/picha`, na folda ya kilo uifanyie hivyo hivyo. Vilivyo kwenye volyumu (folda ya seva uliyoiunganisha na kontena kwa hiyo `-v`) `diff` haivioni kabisa, kwa hiyo usije ukaniandikia tena kwamba picha zimepotea. Zitakuwa `/data`, na hiyo `/data` iwe kwenye diski yenye nafasi.

`docker rm`, amri ya kufuta kontena, iwe ya mwisho, ukishafungua picha mbili tatu kwenye flashi ukaona magunia kwa macho yako.