Wikiendi ya Dar kwa dansi la laivu na misosi ya barabarani: jibu kwa mdau wa Dodoma

Mkuu, umeuliza umpeleke wapi shemeji mkishuka na treni Ijumaa jioni, msikie bendi ikipiga laivu, mle vya barabarani na Jumapili mrudi Dodoma. Wadau wameshakutajia viwanja vingi. Mimi nasema panga saa kwanza. Chakula cha Dar kina zamu zake na muziki una zamu zake, na mgeni anayefika nje ya zamu hukuta meza tupu, akaondoka akisema mji umepoa.

Magharibi ni zamu ya pweza. Tafuta meza yenye taa na sufuria inayofuka mvuke. Kariakoo na Magomeni hutakosa. Pweza anakatwa vipande mbele yako, unachoma na kijiti, unachovya kwenye pilipili, na supu yake unapewa kwenye kikombe. Mnakula mmesimama. Shemeji asiambiwe kwamba hiyo ni supu ya wanaume, wanawake wanakunywa kila siku. Msishibe hapo, usiku bado mrefu.

Sasa dansi, na hapa nitakaa kidogo maana ndilo ninalolipenda.

Tangazo likisema saa tatu, saa tatu mtakuta mafundi wanajaribu spika. Nendeni kwenye saa nne, mpate meza inayoona jukwaa, maana utamu wenyewe huanza saa tano kwenda mbele. Sikiliza wimbo mzima, nakuomba sana. Dansi la Dar linaanza taratibu: waimbaji wanapokezana, kisa kinasimuliwa, magitaa yanajibizana chini kwa chini. Halafu linaingia chemko, tarumbeta na saksafoni zinapanda, tumba inabadilika, na watu waliokuwa wamekaa kimya wote wako katikati. Anayenyanyuka kufuata mishkaki wakati wa mashairi anakosa nusu ya kazi ya watu wale. Uwe na noti ndogo ndogo mfukoni pia. Mwimbaji akikugusa, unakwenda mbele kumtuza, kisha unarudi kwenye kiti chako. Ndivyo tunavyomwambia asante.

Ukipata Msondo Ngoma au Mlimani Park, yaani Sikinde, usiwaze mara mbili. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ikabadili: Juwata, kisha OTTU. Mwaka 1978 mwimbaji wao Muhidin Maalim Gurumo na wenzake wakatoka, wakaanzisha Mlimani Park. Baadaye mzee alirudi Msondo, akafariki mwaka 2014. Kwa hiyo hizi bendi ni ndugu, na ushindani wao ni wa ndugu. Sikukuu fulani wamewahi kuwekwa jukwaa moja wapambane, na mashabiki hubishana kama wa Simba na Yanga. Mimi ni Sikinde, sifichi, lakini kwa upulizaji wa tarumbeta Msondo nawavulia kofia.

Ratiba na kumbi hubadilika, kwa hiyo angalia kurasa zao za mtandaoni siku ileile, au muulize dereva bajaji mwenye umri wa makamo. Vijana watakupeleka kwenye singeli. Singeli nayo ni ya hapahapa, imetoka mitaa kama Manzese na Tandale, na kasi yake haina mfano. Ila kama mnataka kukaa, kusikiliza na kucheza mkishikana, basi ni dansi.

Mkipita Sinza kwa daladala mtasikia konda akiita "Kwa Remmy!" Ni Remmy Ongala huyo, aliyezaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akawa wetu hadi alipofariki mwaka 2010. Wanamuziki wengi walivuka kutoka Kongo enzi zile, ndiyo maana magitaa ya Dar na ya kule yanasikilizana.

Mkitoka ukumbini ni zamu ya zege, yaani chipsi mayai, na mishkaki ya mkaani. Chagua kijiwe chenye foleni, kinachokaanga mbele ya macho yako. Chipsi zilizolala kwenye kabati la kioo ziache. Kachumbari ikiwa imekatwa muda mrefu, iache pia.

Jumamosi laleni, lakini saa nne asubuhi isiwapite bila supu na chapati kwa mama ntilie. Makongoro kama shemeji anayaweza, ndimu nyingi, pilipili kiasi. Nyuma ya mkesha wa dansi sijaona kifungua kinywa kinachoishinda.

Coco Beach nendeni Jumamosi hiyohiyo alasiri, kwa mihogo ya kukaanga na pilipili yake, mpigwe upepo kabla ya kurudi mjini kwa bendi ya pili. Jumapili pale hujaa kupita kiasi, na wewe una treni ya kuwahi.

Mambo mawili ya usalama: simu ikae mfuko wa mbele, na usiku wa manane pandeni bajaji au teksi ya kuita kwa programu ya simu, msitembee kutafuta usafiri. Ukishajua mnafikia mtaa gani, andika hapa nikuelekeze kijiwe cha pweza kilicho karibu.