Nyumba Yangu ya Kiamunyi Inatazamwa Lakini Hainunuliwi: Nianzie Wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Ninauza nyumba yangu ya vyumba vitatu iliyoko Kiamunyi, Nakuru, na tangu Machi watu sita wamekuja kuitazama. Kila mmoja huniahidi kwamba atanipigia simu, kisha anatoweka. Kaka yangu ananishauri nibomoe makabati ya jikoni niweke mapya na nipake nyumba nzima rangi, ila fedha nilizo nazo hazitoshi kufanya yote mawili. Nimekutumia picha. Ni nini kitakachomvutia mnunuzi tangu anapofika?

JIBU: Mwalimu, makabati ya jikoni yaache kama yalivyo. Anayenunua nyumba mara nyingi huyabadilisha kwa ladha yake mwenyewe, na hatakulipa zaidi kwa sababu ya makabati ambayo ananuia kuyang'oa. Fedha yako ielekeze pale macho yake yanapotua kwanza, yaani kuanzia getini hadi sebuleni.

Mgeni anapobisha geti na kusubiri afunguliwe, hana jambo jingine la kufanya ila kutazama. Katika picha yako ya kwanza naona komeo lililoshika kutu na alama ya mviringo ambapo rangi imekwisha, kwa sababu geti halifungi mpaka lisukumwe kwa bega. Mwite fundi wa kuchomelea airekebishe bawaba, kisha geti lipigwe msasa na kupakwa rangi ya mafuta. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na huenda ndiyo itakayokurudishia faida kubwa kuliko nyingine yoyote.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ukuta ulio kushoto mwa mlango wa mbele. Chini yake kuna ukanda wa rangi ya udongo, juu ya ukanda huo rangi imebanduka kama maganda ya kitunguu, na pembeni kuna unga mweupe. Unga huo ni chumvi iliyomo ndani ya saruji na matofali, ambayo maji huiyeyusha na kuileta nje yanapokauka. Kwa hiyo mnunuzi mwenye uzoefu akiuona anajua papo hapo kwamba ukuta unanyonya maji, na huanza kujiuliza ni kasoro gani nyingine ambazo hajaonyeshwa. Nadhani hapo ndipo wale sita walipopoteza imani, ingawa hawakukuambia. Chanzo kinaonekana katika picha ya tatu: mfereji wa paa unaishia juu ya sehemu hiyo hiyo bila paipu ya kuteremshia maji, hivyo mvua ya masika hudondoka ardhini na kuruka ukutani pamoja na tope.

Nakusihi usiipake rangi juu yake tu, kwa maana itabanduka tena na utaonekana umeficha kasoro. Weka paipu kwanza, elekeza maji mbali na msingi, kwangua rangi iliyolegea, sugua chumvi kwa brashi kavu, kisha uuache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa. Baadaye paka rangi ya kwanza inayostahimili chumvi ya saruji na umalizie kwa rangi ya maji ya nje. Rangi ya mafuta usiitumie hapo, kwani huufungia unyevu ndani.

Sebuleni, ondoa nusu ya viti na stuli zote, uweke balbu zenye mwanga mzuri na ufungue madirisha saa mbili kabla ya mgeni kufika. Manukato ya kupuliza yaepuke, maana humfanya mtu ashuku kwamba kuna harufu inayofunikwa.

Hakikisha tangi limejaa, kwa sababu karibu kila mnunuzi hufungua bomba. Wenyeji wa Nakuru watakuuliza pia maji yanatoka wapi, na wana haki: visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo inayowatia watoto madoa ya kahawia menoni. Ikiwa unatumia maji ya kisima, yapime na uweke matokeo mezani. Kando yake weka nakala ya hatimiliki, matokeo ya hivi karibuni ya utafutaji rasmi wa ofisi ya ardhi, yanayoonyesha mmiliki ni nani, na stakabadhi za ada ya ardhi ya kaunti. Na ikiwa nyumba hiyo ni ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mwenzi wako, kwa hiyo ni vyema awepo wakati wa kuitazama.

Wageni waalike kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuleta vumbi barazani, na ufagie baraza saa moja kabla hawajafika.