Ukikamatwa ng'ambo ya boda, sema "ubalozi" mapema

Mimi ni mtu wa Malaba, pale mpakani Uganda na Kenya, lori nimeendesha miaka mingi, na kuna safari moja nililala selo siku tatu kwa nchi jirani (jina silitaji, bado natafuta ugali huko). Kosa? Mpaka leo sijaambiwa. Karatasi za mzigo zilikuwa sawa, ajenti alishamaliza ushuru, afande akasema tu "nyinyi Waganda mmezidi", simu wakachukua, na mimi hata namba ya mke wangu siijui kwa kichwa! Aliyeniokoa ni tanboi, msaidizi wangu wa lori, alikimbia akampigia mwenye gari, mwenye gari akapigia ubalozi, na ubalozi ulipouliza tu kama niko pale wale jamaa wakaanza kunisalimia.

Sasa sikiza. Kuna Mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 36 kinasema mgeni akikamatwa aambiwe kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa. Lakini wanajulishwa ukiomba wewe, ukinyamaza basi. Kwa hiyo omba, tena kwa sauti, wenzako wa selo wasikie jina lako na unakotoka, maana anayeachiliwa kesho ndiye posta yako. Namba mbili ziweke kichwani. Na karatasi ya lugha usiyoisoma usiitie sahihi hata wakikuahidi unalala nyumbani.

Wakubwa nao wanajaribu yao. Marekani ilitunga sheria mwaka 2020 yenye jina la Robert Levinson, yule Mmarekani aliyepotea Iran 2007, halafu 2022 Biden akaongeza amri ya kuwawekea vikwazo wanaowashika raia wao bila haki. Kanada ikaja na azimio lake 2021 la kupinga nchi kukamata wageni ili kubana serikali zao, Wakanada wawili wakiwa bado ndani China tangu Desemba 2018. Wanataka anayekamata watu ili apate kitu aone hasara. Ni sawa, lakini Desemba ya mwaka huohuo wa 2022 Brittney Griner, Mmarekani mchezaji wa mpira wa kikapu, alitoka jela Urusi kwa kubadilishwa na Viktor Bout, muuza silaha, sasa hapo hasara iko wapi jameni?

Na sisi tuliiona hiyo kitu mlangoni kwetu. Februari 2019 Rwanda ilifunga njia ya Katuna, pale mpakani na Uganda, ikasema watu wake wanashikwa Uganda na kuteswa, ikawaambia wasije, Uganda ikakana, na malori hayakupita pale kama zamani mpaka 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu! Walioumia ni wachuuzi wa Kabale, upande wa Uganda, ambao hawakumkamata mtu yeyote.

Ndiyo maana mimi serikali siisubiri. Tanboi wangu wa sasa ana picha ya pasipoti yangu kwa simu yake, na nimemwambia hivi, siku afande akinishusha wewe usishuke na mimi, wala usije kunitetea, kaa mbali upige simu.